Afya ya Wakazi wa Miji ya China Hupimwaje kwa Maswali?

Chukua mfano wa bibi wa miaka 70 anayeishi Nanjing. Kipimo cha shinikizo la damu kinaonyesha yuko sawa. Lakini kipimo hicho hakisemi kama magoti yanamruhusu kupanda ngazi, wala kama usiku analala au anakesha kwa wasiwasi. Hayo anayajua yeye, ndiyo maana sisi watafiti humwuliza mwenyewe.

Dodoso linalotumika sana ni EQ-5D. Linagusa mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo lake lenye viwango vitano vya ukali kwa kila jambo linatoa hali 3,125 za afya. Kuna pia SF-36, lililotungwa Marekani. Swali lake moja lilitaja mchezo wa gofu. Waliolitafsiri China wakaweka kufagia na mazoezi ya taichi, na katika swali la kutembea, maili ikawa mita 1,500. Hili si jambo dogo. Ukimwuliza mtu kuhusu gofu ambayo hajawahi kuigusa, jibu lake halikuelezi lolote kuhusu mwili wake.

Kazi ngumu inakuja baadaye: hali ipi ni mbaya zaidi, na kwa kiasi gani? Wataalamu hawajiamulii. Wakazi wa Beijing, Shenyang, Nanjing, Chengdu na Guiyang walihojiwa: badala ya kuishi miaka 10 na maradhi haya, ungeridhika na miaka mingapi ukiwa mzima kabisa? Anayejibu 7 ameipa hali ile thamani ya 0.7. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, afya kamili ilipewa 1, na hali mbaya kuliko zote ikashuka hadi -0.391. Sifuri ni kifo. Maana yake hali hiyo waliiona mbaya kuliko kufa.

Thamani hizi huingia kwenye hesabu za kupima kama dawa inastahili gharama yake. Kwa hiyo inanisumbua kwamba waliohojiwa wote ni watu wa mijini, ilhali mamilioni ya Wachina wako vijijini. Karani wa Beijing mwenye maumivu ya goti hupanda lifti, akafika mezani kwake, akafanya kazi ameketi. Mkulima wa mpunga kwenye matuta ya mkoa wa Guizhou, kwa goti lilelile, amepoteza msimu.