Taa mdogo wa madoa ya bluu sio mtoto wa yule mkubwa

Huku Mtwara, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, utasikia mengi kuhusu taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na mengine ni uzushi mtupu. Kubwa kuliko yote ni eti yule mdogo wa madoa ya bluu ni mtoto wa yule bonge wa mviringo mwenye mabaka meusi na kijivu. Hapana bwana. Ni ndugu tu, zamani wataalam waliwaweka jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu, siku hizi wametenganishwa. Mdogo ni Taeniura lymma, akikomaa upana wake ni sentimita 35 hivi, basi. Mkubwa ni Taeniurops meyeni, anafika mita 1.8 na kilo 150. Ukitaka kuwajua cheki mkia, mdogo ana mistari miwili ya bluu, mkubwa mkia wake mweusi.

Halafu kuna hii ya "huyo mdogo mrembo ndo anakwisha". Kinyume chake! Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya dunia inayopima viumbe gani wako hatarini kutoweka, mdogo tangu 2021 yuko kundi la wasiotia wasiwasi mkubwa, mkubwa ndo yuko hatarini, ngazi ya kwanza kati ya zile tatu za hatari. Sababu mvuvi yeyote wa wavu wa jarife anaijua: mkubwa analala mchangani wazi, ana nyama ya kutosha kukaushwa ng'onda, akinasa harudishwi, wakati mdogo maji yakijaa anapanda kwenye mchanga kula kaa na kamba, yakipwa anajibanza kwenye mapango ya matumbawe ambako wavu haufiki. Ila mabomu ya kuvulia samaki yakivunja matumbawe na yeye hana pa kwenda, na huku kusini mabomu tunayajua.

Wengine wanasema taa anataga mayai maelfu kama changu so hawezi kuisha. Wapi! Anazaa watoto hai, na hawa wote wawili hawavuki saba kwa mzao mmoja.

Na la mwisho, eti taa anamvizia mtu. Anachoma akikanyagwa au akibanwa, kwa hiyo mnaoenda kuchokoa pweza burutisheni miguu, msikanyage kwa kunyanyua. Ukichomwa loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, sumu yake inapunguzwa na joto, halafu nenda hospitali hata kama maumivu yametulia, maana kipande cha mwiba kikibaki ndani kidonda kinaoza.