Mshauri asiyekuingia moyoni: umvumilie au umbadilishe?

Kweli kupatana na mshauri wa afya ya akili kunahusika na kupona?
Kunahusika. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti 295 zilizogusa wagonjwa zaidi ya 30,000. Walikuta kuwa wanaoelewana na mshauri wao kwa kawaida hupata nafuu zaidi, iwe tiba ya mazungumzo ni ya aina gani, hata vikao vikifanyika kwa intaneti.

Kwa hiyo nitafute aliye mpole?
Upole peke yake hautoshi. Mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kuwa kuna mambo matatu: mkubaliane mnatafuta nini, mkubaliane mtapitia njia gani, na muaminiane. Wengi wetu tunaangalia hilo la mwisho tu. Unaweza kutoka kila wiki umefarijika, huku mshauri anachimbua habari za utotoni na wewe ulimwendea kwa sababu ya hofu inayokubana kifua kila ukipanda daladala. Muulize waziwazi: "Hiki tunachofanya kitanisaidiaje?"

Awe wa jinsia, dini au kabila langu?
Ukitaka, omba bila haya. Aliyepewa mshauri wa chaguo lake haelekei sana kuacha tiba njiani. Ila tafiti zilizoangalia rangi na asili, nyingi za Marekani, zinaonyesha kuwa watu hupendelea mtu wa kwao, lakini kupona kwao hakutofautiani sana. Na wapo wanaomkwepa wa kwao makusudi, wakihofia habari zitamfikia shangazi.

Kaniudhi kikao cha pili. Nisirudi?
Rudi kwanza umwambie: "Uliposema vile, niliumia." Tumezoea kumstahi daktari kwa kunyamaza, kisha tunapotea moja kwa moja. Kutoelewana kukisemwa na kurekebishwa, mara nyingi imani huongezeka. Akijitetea tu au akikusimanga, omba mwingine. Akikutaka kimapenzi, akitoa siri zako ovyo au akikukopa pesa, usimpe nafasi ya pili: ondoka na umripoti kwa uongozi.

Hospitali yetu ina mshauri mmoja tu.
Ulizia rufaa, au vikao vya simu na mtaalamu wa mji mwingine. Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu mmekosana. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, usingoje kupata mshauri anayekufaa. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali yoyote siku hiyohiyo.