Ukitoka Nairobi Kwenda Pwani, Uliza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Shule zikifungwa, stesheni ya Syokimau huonekana watoto waliokwisha kuvaa maboya yaliyojazwa upepo, treni ya Mombasa haijaondoka. Sisi tunaofundisha mambo ya bahari chuoni hapa Nairobi huulizwa na wazazi wao maswali mawili: ufuo gani hauna kiingilio, na je, hoteli inaweza kutufukuza? Swali la maji yanajaa saa ngapi sijaulizwa hata mara moja.

Nianze na la hoteli. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Kwa hivyo mchanga ulio mbele ya hoteli za Diani, Nyali au Bamburi si mali ya hoteli. Viti, miavuli na bwawa ni vyao. Askari anaweza kukuzuia usikatize kiwanja, lakini kutembea ufuoni hawezi kukuzuia. Kazi ni kuufikia huo ufuo, maana vichochoro vya kuteremkia vimebanwa na kuta pande zote, na mimi naona hiyo ni dhuluma. Ndiyo sababu ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, hufurika watu kila Desemba.

Haki yenyewe nayo husogea. Maji yakijaa sana, mawimbi hupiga kuta za hoteli na ufuo wa umma huwa umelala chini ya bahari.

Wengi wetu Nairobi tumejifunzia kuogelea bwawani, ambako kina kimepakwa rangi ukingoni na hakibadiliki. Baharini hubadilika mara nne kwa siku: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji Mombasa hupita mita 3. Wala hayapandi sawasawa: nusu ya kimo hicho huja katika saa mbili za katikati ya zile sita za kujaa. Yaani mchanga uliokuwa mkavu unakuwa na maji ya kumfika mtu mzima kifuani au kidevuni, huku wewe ukingojea samaki wa kukaanga.

Siku za bamvua pwani yetu hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, ikajaa kama saa kumi alasiri. Saa za hatari basi ni baada ya chakula cha mchana. Diani nilimwona baba mmoja aliyeacha ndara zake juu ya jiwe, akawapeleka wanawe wawili hadi kwenye fungu la mchanga kutazama viti vya pweza, wale viumbe wa bahari wenye umbo la nyota. Kwenda, maji yalimfika magotini. Kurudi, mdogo alikuwa mabegani na mkubwa ameshikwa mkono na mvuvi, kwa kuwa bahari hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, kati ya fungu na ufuo. Lile jiwe halikuonekana tena, sembuse ndara.

Kupwa nako kuna yake. Maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hutoka kupitia milango yake, yaani mapengo ya mwamba huo, na mkondo wa hapo humshinda hata muogeleaji hodari. Boya la upepo hufuata mkondo huo bila kubisha. Ukichukuliwa, usishindane nao. Ogelea ukiambaa na ufuo mpaka ulegee, kisha ndipo ugeukie nchi kavu.

Kabla ya kukata tikiti, toka nje usiku ukautazame mwezi. Ukifika ufuoni, muulize mvuvi yeyote saa ya maji. Ataijua bila kutazama simu.