Jogoo wa mbegu wa Kuchi: kwanza nionyeshe mama yake

Simu yangu imejaa picha za majogoo. Mtu ameona Kuchi kwenye kundi la WhatsApp au mnadani, shingo imenyooka, kifua chekundu, anauliza: "Vipi huyu, nimchukue?" Nami humjibu kwa swali: mama yake umemwona? Ndugu zake je? Jogoo wa mboga nunua kwa macho. Wa mbegu tazama ukoo, maana nusu ya damu ya kila kifaranga kitakachoanguliwa bandani kwako itatoka kwake.

Kwa asiyemfahamu, Kuchi ndiye kuku wetu wa asili mwenye umbo la kipiganaji. Yuko Kanda ya Ziwa, Tabora na Shinyanga, na pwani kuanzia Tanga na Unguja hadi Mombasa na Lamu. Ni mrefu, miguu minene, husimama wima, manyoya machache yaliyobana mwili, upanga wa kichwani mdogo na ndevu ndogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipolinganisha kuku wa asili wa Tanzania, Kuchi alikuwa miongoni mwa wazito kabisa: jogoo karibu kilo 2.7, tetea karibu kilo 1.8. Waliochunguza vinasaba nao wakakuta ukoo wake wa upande wa mama unakaribiana na ule wa Shamo, kuku wa mapigano wa Japani.

Sasa tuje kwenye upanga, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa hela. Kuchi ana upanga mfupi uliolala, wenye safu tatu za vinundu. Kuku wetu wengi wa kienyeji wana upanga mmoja uliosimama wenye meno. Muuzaji atakushikia kichwa cha jogoo akwambie: "Ona upanga huu, Kuchi mtupu." Kumbe upanga mfupi una nguvu kuliko ule wa kusimama. Ukimpandisha Kuchi halisi na tetea wa kienyeji, vifaranga vyote vitatoka na upanga mfupi, pengine mkubwa kidogo tu kuliko wa baba. Kwa hiyo upanga mfupi unathibitisha jambo moja tu: mzazi mmojawapo alikuwa nao. Tena chotara hukua haraka. Akiwa na miezi sita ameshajaa na anang'aa, wakati Kuchi halisi wa umri huohuo bado ni pora la miguu mirefu lisilo na nyama. Ukiwasimamisha pamoja, mgeni atamchagua chotara.

Ndiyo maana nasema nenda nyumbani kwa mfugaji, usiishie sokoni. Omba kuona makoo, yaani mitetea wanaozalisha. Mama wa Kuchi naye awe mrefu, asimame wima, upanga wake uwe kama haupo. Kisha angalia ndugu wa tumbo moja. Kama kati yao kuna hata mmoja mwenye upanga wa kusimama, basi wazazi wote wawili wamebeba damu ya kienyeji, hata kama wenyewe wanaonekana safi, na jogoo unayemtaka huenda ameirithi. Mfugaji anayekataa kukuonyesha kundi lake, akakuletea jogoo mmoja barabarani ndani ya tenga, mshukuru na uende zako.

Ukisharidhika na ukoo, mshike jogoo mwenyewe. Pitisha vidole kwenye mfupa wa kifua, usiwe umepinda. Geuza nyayo utafute uvimbe au kidonda, kwani kuku mzito mwenye unyayo mbovu hapandi. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kukauka mithili ya chokaa, hao ni utitiri. Funua manyoya kuzunguka njia ya haja uone kama kuna chawa. Sikiliza pumzi karibu na sikio. Vipi vya miguuni, ile miiba ya nyuma ya mguu, vitakusaidia kukadiria umri: vikiwa virefu na vimepinda, huyo ni mzee, hata muuzaji akiapa ni wa mwaka jana. Mimi napenda jogoo wa mwaka mmoja hadi miwili, aliyekwisha kuzalisha na vifaranga vyake vipo nikavione. Halafu mwache chini, umtazame akiwa na mitetea. Jogoo anayemrukia mtu kila anapoingia bandani simchukui, hata awe mzuri namna gani, hasa kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Makovu kichwani yana maana yake. Wapo wanaofuga Kuchi kwa ajili ya kuwapiganisha. Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza, na Kenya nako ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Mimi nazungumzia kufuga ukoo kwa ajili ya umbo, nyama na kuuza mbegu. Jogoo aliyechoka kwa vidonda simlipii bei ya mbegu.

Msafirishe asubuhi na mapema au jioni, peke yake ndani ya tenga, si kwa kumning'iniza kichwa chini. Akifika, usimwingize kundini. Mtenge mbali na wengine kwa wiki tatu au nne, umhudumie wa mwisho baada ya kuku wako. Ugonjwa wa kideri huweza kujificha mwilini hadi wiki mbili kabla ya kuonekana, na kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa hakibakishi. Kuku wako wawe wamekwisha kupata chanjo ya kideri ya matone ya jichoni kabla mgeni hajaja, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Akitoka karantini mpe mitetea mitano au sita, asizidishiwe. Ila kama walikuwa na jogoo mwingine, mwondoe huyo na usubiri wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya mbegu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi, hivyo mayai ya siku za mwanzo yanaweza kuwa ya yule wa zamani. Siku ya saba ya kuatamia yamulike mayai kwa tochi gizani. Yenye mishipa ya damu yameshika.

Mwenye wasiwasi kuhusu usafi wa jogoo anaweza kumpima. Mpandishe na tetea wa kienyeji mwenye upanga wa kusimama. Kifaranga kimoja tu kikitoka na upanga wa kusimama, jogoo amebeba damu hiyo. Vikitoka vinane, vyote na upanga mfupi, huenda yuko safi: jogoo anayeificha damu hiyo angepata matokeo hayo mara 1 tu kati ya 256. Kipimo hiki ni cha upanga peke yake. Hakisemi lolote kuhusu urefu wala mifupa. Hao vifaranga wa kipimo ni wa mboga, msiwauze kama Kuchi.

Mapora ya Kuchi huanza kuumizana yakiwa bado madogo, kwa hiyo andaa vyumba mapema. Na kabla mabinti wa jogoo wako hawajaanza kutaga, uwe umeshapatana na mfugaji wa mji mwingine mbadilishane majogoo, ili baba asiwapande watoto wake.