Joto la Darasani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinatosha kuonyesha kama darasa linakalika. Ukweli ni kwamba mwili huhisi joto kwa mambo sita yanayoungana: halijoto ya hewa, mionzi ya joto itokayo kwenye kuta na paa, mwendo wa hewa, unyevunyevu, mavazi, na kazi inayofanywa na mwili. La paa ndilo linalosahauliwa mno. Bati lililopigwa na jua la mchana huwa la moto kuliko hewa yenyewe na, pasipo dari, hushusha mionzi hiyo juu ya vichwa vya wanafunzi hata kama madirisha yote yako wazi, ndiyo maana madarasa mawili yenye kipimo kilekile yanaweza kuwa tofauti kabisa kwa anayeketi ndani yake. Dari, rangi nyeupe juu ya bati na matundu ya kutolea hewa moto iliyo kati ya dari na bati hupunguza sana adha hiyo. Kwa maoni yangu, kazi hizo zitangulie ununuzi wa feni.

Feni nayo haipozi hewa, bali humpoza mtu kwa kukausha jasho lake, kwa hiyo kuiwasha katika darasa tupu ni kupoteza umeme. Wala wingi wa madirisha hauleti upepo ikiwa yote yako upande mmoja, kwa sababu hewa huhitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba watoto wa nchi za joto wamekwisha kuzoea. Kuzoea kupo: kwa kanuni ya ASHRAE 55, yaani kiwango cha chama cha wahandisi cha Marekani kuhusu joto linalofaa majengoni, wastani wa joto la nje ukiwa nyuzi 30 za Selsiasi, ndani huweza kukubalika hadi takribani 30.6. Lakini kanuni hiyo inamhusu mtu aliye huru kufungua dirisha na kupunguza nguo, uhuru ambao mwanafunzi aliyefungwa tai na kupangiwa kiti kando ya dirisha lenye jua hana. Isitoshe, msingi wake ni watu wazima wa maofisini, ilhali tafiti nyingi za shuleni zimeona watoto wakipendelea ubaridi zaidi, hivyo mwalimu asipime joto la darasa kwa mwili wake mwenyewe.

Tena, kuvumilia si kujifunza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, kwa matokeo ya watahiniwa wapatao milioni 10, ulionyesha kuwa pasipo viyoyozi, mwaka wa shule uliozidi joto kwa nyuzi moja ya Farenhaiti ulipunguza yaliyojifunzwa mwaka huo kwa takribani asilimia 1.