Kwa nini ushindi wa wimbo Waterloo ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana

Kazi yangu ni kuhesabu kura za vipindi vya mashindano ya uimbaji. Usiku wa fainali, watazamaji wakiwa wameelekeza macho jukwaani, mimi huwa kwenye chumba kidogo nyuma ya pazia, karatasi za majaji mkono huu, jumla ya kura za simu mkono huu. Ndiyo maana kuna tamasha moja ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko mengine yote, na ninaporudi kwake huwa sifuati taa wala mavazi. Nafuata jedwali la mwisho.

Ni tamasha la Copenhagen, Denmark, la tarehe 22 Oktoba 2005, lililorushwa mubashara kutoka ukumbi wa Forum kuadhimisha Eurovision, mashindano ya nyimbo ya kila mwaka kati ya nchi, hasa za Ulaya. Mashindano hayo yalianza 1956 mjini Lugano, Uswisi, yakiwa na nchi 7 tu, kila nchi na nyimbo 2, na mshindi akawa mwenyeji, Lys Assia. Mei 2005 mjini Kyiv yakafanyika kwa mara ya 50, nchi 39 zikashiriki. Miezi mitano baadaye ndipo ikaandaliwa sherehe. (Walihesabu mashindano, si miaka; kwa kalenda, miaka 50 ilitimia 2006.) Waongozaji wa usiku ule walikuwa Katrina Leskanich, aliyeshinda 1997, na Renārs Kaupers wa Latvia.

Waandaaji wangeweza kuwapandisha wakongwe jukwaani, wakaimba, watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. London walifanya hivyo 2015 kwa jubilei ya miaka 60, wala hakuna kosa. Copenhagen waliamua kupiga kura. Nyimbo 14 zilishindanishwa upya ili upatikane mmoja uliopendwa kuliko zote. Raundi ya kwanza ilichuja 14 hadi 5, kisha alama zikaanza tena sifuri. Kura zilikuwa za watazamaji kwa simu, zikichanganywa na za majaji, kutoka nchi 31. Uingereza, Ufaransa na Italia, nchi tatu zenye historia ndefu kwenye mashindano haya, hazikulirusha tamasha lile.

Matokeo yalikuwa hivi: Waterloo ya ABBA, kundi la Sweden, alama 329. Volare ya Domenico Modugno 267. Hold Me Now ya Johnny Logan 262. My Number One ya Helena Paparizou 245. Save Your Kisses for Me ya Brotherhood of Man 230.

Ukiyasoma haraka utasema ABBA walishinda vizuri, lakini na wengine hawakuachwa sana. Mtu wa mwisho ana 230, wa kwanza 329, kama hatua chache tu mbele. Hapa ndipo napenda kumshika msomaji mkono.

Katika raundi ya pili kila nchi ilipanga nyimbo zote 5 na kutoa alama 12, 10, 8, 7 na 6. Jumlisha: ni 43 kwa kila nchi. Zidisha kwa 31, unapata 1,333. Sasa jumlisha alama za nyimbo zote tano. Ni 1,333 vilevile. Mara ya kwanza nilipolifanya hesabu hili nilifurahi kama mhasibu aliyefunga vitabu vyake bila senti kupotea.

Ila angalia alama ya chini kabisa. Ni 6. Wimbo uliowekwa wa mwisho na nchi zote 31 bado ungeondoka na alama 186 bila kumpendeza mtu hata mmoja. Alama hizo 186 ni za bure. Ziondoe kwa kila wimbo, ubaki na kile ambacho kila mmoja alikitolea jasho: Waterloo 143, Volare 81, Hold Me Now 76, My Number One 59, Save Your Kisses for Me 44. Sura imebadilika kabisa. Waterloo ina zaidi ya mara tatu ya wa mwisho, na karibu mara mbili ya wa pili. Tena kuna jambo jingine lililofichwa humo. Kama kila nchi ingeiweka Waterloo nafasi ya pili, ingepata 310. Ili ifike 329, ni lazima nchi zisizopungua 10 ziwe ziliiweka ya kwanza, hata ukisema zote zilizobaki ziliiweka ya pili. Na ABBA wenyewe hawakuimba usiku ule.

Nimekazania jambo hili kwa sababu liliwahi kuniumiza. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuhesabu mashindano ya kwaya, majaji wanne, kila mmoja anatoa alama kati ya 1 na 100. Majaji watatu walikuwa waungwana: 78, 80, 82, hawatoki hapo. Wa nne alitoa 95 kwa kwaya moja na 40 kwa nyingine. Kalamu yake ikawameza wenzake. Kwaya ambayo majaji watatu waliiweka ya kwanza ikamaliza ya tatu. Nilikuwa nimeshika karatasi ile nikijua kilichotokea, lakini kanuni ilikuwa imeshasainiwa na watu wanasubiri ukumbini. Mwalimu wa kwaya ile alikuja kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, tulikosea wapi?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya, "Hamkukosea, mwalimu." Tangu siku ile sikubali kazi kabla ya kuona namna alama zitakavyotolewa, na huwa naomba majaji wapange nafasi, alama zifuate nafasi. Kwa mpango huo hakuna jaji anayeweza kuwa na sauti ya watu watatu.

Sasa turudi kwenye nyimbo zile tano, tutazame zilipata nini zilipoimbwa mara ya kwanza.

Brotherhood of Man mwaka 1976 walipata 164 kati ya 204 zilizowezekana, yaani asilimia 80. Johnny Logan 1987 alipata 172 kati ya 252, asilimia 68. Helena Paparizou alipata 230 kati ya 456 mjini Kyiv, kama asilimia 50. ABBA mwaka 1974 mjini Brighton walishinda kwa alama 24 kati ya 160, asilimia 15. Modugno mwaka 1958 alipata 13 kati ya 90, asilimia 14, na hata hakushinda. Alikuwa wa tatu. Yaani nyimbo mbili zilizokuwa na asilimia ndogo kuliko zote ndizo zilizoongoza Copenhagen, na ile iliyokuwa na asilimia kubwa kuliko zote ikafunga mkia.

Msikimbilie kusema ABBA walishinda kwa bahati Brighton. Kanuni ya mwaka ule ilikuwa majaji 10 kwa kila nchi, na kila jaji ana kura moja kwa wimbo mmoja tu. Nchi zilikuwa 17, kwa hiyo kura zote ni 170, zikagawanywa kwa nyimbo 17. Hapo 24 ni nyingi. Wa pili, Gigliola Cinquetti wa Italia, alipata 18. Lakini kanuni hiyo ina tundu: jaji anayeupenda wimbo wako sana, ila akaupenda mwingine kidogo zaidi, hakupi chochote. Majaji wa Uingereza, wenyeji wenyewe, hawakuwapa ABBA hata alama moja. Mfumo wa alama 12 ulikuja mwaka uliofuata, 1975.

Kisa cha Modugno ndicho kinachonigusa zaidi. Tarehe 12 Machi 1958, Hilversum, Uholanzi, Italia ndiyo iliyofungua shindano. Mawimbi yakasumbua, wimbo haukufika vizuri kwenye nchi zote, ikabidi arudi kuimba tena mwishoni kabla ya kura. Aliyewahi kusimama kwenye matangazo ya mubashara anajua uzito wa kuanza upya mbele ya watu walewale. Majaji 100 kutoka nchi 10 walipiga kura, 27 wakamchagua André Claveau wa Ufaransa, 24 Lys Assia, 13 Modugno. Mwaka uliofuata Marekani ikautunuku wimbo wake Grammy katika tuzo zile za kwanza kabisa. Wimbo wa Claveau haukuwemo hata kwenye orodha ya 14 ya Copenhagen.

Na orodha hiyo ndiyo sehemu ya tamasha ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha. Kati ya nyimbo 14, tatu hazikuwahi kushinda: Volare, Eres tú ya Mocedades, na Congratulations ya Cliff Richard, iliyoshindwa kwa alama 1 tu mwaka 1968 na ambayo jina lake ndilo lililopewa tamasha zima. Miaka ya 1980 ilipata nyimbo 4, mbili zikiwa za mtu mmoja, Johnny Logan. Miaka ya 1990 ilipata 1 tu, Diva ya Dana International, ingawa Ireland ilishinda mara nne katika muongo ule. Kura inaweza kuchagua tu kati ya kilichowekwa mezani, na anayepanga meza ameshafanya nusu ya uamuzi kabla simu ya kwanza haijapigwa.

Nasema haya nikiwa na wimbo mmoja moyoni. Mei 2011, Düsseldorf, Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, aliiwakilisha Norway kwa wimbo Haba Haba. Ndani yake ilimo methali ambayo kila mmoja wetu alifundishwa utotoni, haba na haba hujaza kibaba, ikiimbwa kwa Kiswahili mbele ya Ulaya nzima. Alitolewa nusu fainali akiwa na alama 30. Nilikuwa nimekaa na shangazi yangu, ambaye hafuatilii mashindano yoyote, na kiitikio kiliporudi mara ya pili alishakishika na anaimba nacho. Jubilei nyingine ya namna ya Copenhagen ikiitishwa, kabla sijafungua jedwali la alama nitauliza nani anaandika orodha, na kama ameusikiliza wimbo huo.