Presha sio ya mabosi peke yao: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kazi na afya

Wanaokuja kupima presha asubuhi ni wale wale, walinzi wametoka lindo, makeshia, akina dada wa viwandani, kichwa kinagonga kisogoni na kauli yao ni moja, "dokta ni uchovu tu wa kazi". Naomba tujibizane hapa.

Presha si ugonjwa wa mabosi? Sisi walinzi tuipate wapi?

Hapana, hapana tena. London kuna utafiti unaitwa Whitehall, ulianza 1967, wakafuatilia wanaume zaidi ya elfu 17 watumishi wa serikali, na matarishi na mabawabu wakaonekana wanakufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu ya wale wakubwa wa juu kabisa. Mara tatu! Wa chini walivuta sigara zaidi na presha yao ilikuwa juu zaidi, ni kweli, ila hata ukiitoa sigara na presha na kolesteroli bado pengo kubwa lilibaki. Kwahiyo ukiniambia huna cheo basi huna presha nakusihi ukapime.

Sasa kwenye kazi kinachoumiza ni nini hasa?

Mmarekani mmoja, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kazi mbaya zaidi ni ile inayokudai sana huku wewe huna kauli juu yake. Utafiti wa pili wa Whitehall ulioanza 1985, huo ulikuwa na wanawake pia, ukaonyesha wasio na maamuzi kazini ndio moyo unawasumbua zaidi. Muangalie keshia, foleni haikatiki, hainuki mpaka supavaiza aje kumshikia kaunta, hela ikipungua analipa yeye, na maji hanywi makusudi ili asiombe ruhusa ya chooni. Halafu anashangaa UTI haimuachi. Dada yangu kunywa maji, na mkojo usibane!

Na kazi inayoridhisha ikoje?

Watafiti wawili wa Marekani, Hackman na Oldham, waliichambua miaka ya 70: kazi yenye mambo tofauti tofauti, unayoiona mwanzo mpaka mwisho, yenye maana kwa watu, una uhuru wa kuipanga, na unajua umefanya vizuri au vibaya. Mshahara nao una uzito wake, asikudanganye mtu.

Ovataimu je?

WHO, shirika la afya duniani, na ILO, shirika la kazi duniani, walitoa takwimu 2021, anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hatari ya kiharusi inapanda kama asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 mpaka 40. Mlinzi wa saa 12 siku sita ana saa 72, hesabu mwenyewe.

Kichwa kikiuma nameza diklopa na kopo la enaji nakaa sawa, kuna shida?

Kuna shida kubwa na hii ndo inaniumiza kuliko zote. Diklopa, yani diclofenac ya maumivu, inaweza kupandisha presha, ukiizoea inaharibu figo, na hiyo enaji nayo inaipandisha juu zaidi, yani unatuliza kichwa huku unaumiza moyo na mtu wa duka la dawa anakuuzia tu bila kukuuliza. Acheni jamani. Kapime presha kwanza.

Si nikipata likizo itashuka yenyewe?

Usisubiri likizo. Kapime presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti hiyo ni presha, haijali umechoka au umepumzika, na ukianzishiwa dawa usiache kwasababu umejisikia vizuri, umejisikia vizuri kwasababu unameza.

Mbona mimi sisikii chochote?

Wengi hawasikii chochote! Ndo maana tunawapokea figo zimeshachoka au moyo umeshatanuka. Kapime presha hata kama uko mzima, zahanati yoyote, ni dakika chache.

Lini nisingoje hata kidogo?

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu ghafla, maneno yakakataa kutoka, au kifua kikabana. Hospitali saa hiyo hiyo. Sio kumkanda mafuta, sio kusema kapigwa na upepo, sio kusubiri kukuche, maana kila saa mnayokaa nyumbani sehemu ya ubongo inakufa na haitarudi.

Mimi ni msimamizi, nifanyeje na bajeti sina?

Waweke kiti getini na kaunta, waachie wapangiane wenyewe zamu na mapumziko, wabadilishane sehemu mtu asikodolee mlango mmoja mwezi mzima, chooni waende bila kuomba. Na mtu akiwa na tarehe ya kliniki ya presha mruhusu aende na siku yake usimkate, kwasababu wanaoacha dawa wengi wananiambia waliogopa kukatwa hela.